Kando ya Mshono

Chuma hakikukatikia pale kilipochomelewa. Mwinshehe alilisema hilo mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu alikuwa anasema kweli. Mshono wake ulikuwa mzima, umelala vile vile alivyoulaza jana yake jioni. Ufa ulipita kando, upana wa ukucha tu kutoka kwenye mshono, ukakata chuma chenyewe, kile chuma kipya kilicholetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam na kusifiwa karakana nzima kwamba ni chembamba lakini kina nguvu kuliko kile kinene cha zamani.

Lakini nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza habari za kando na katikati? Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa hamsini na tatu, shamba la mkonge la Mgude, njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Matoroli sita yaliyojaa majani ya mkonge yalikuwa yanavutwa na injini ndogo kupanda kilima cha korona, pale penye mtambo wa kukwangua nyuzi. Mkono wa chuma unaoyaunganisha na injini ukakatika. Matoroli yakarudi nyuma, na Ulimboka, mshika breki, alikuwa kwenye lile la mwisho. Aliikaza breki mpaka mwisho. Wapo wanaosema angeruka mapema angepona. Hakuruka, kwa sababu kule chini kulikuwa na watu wanavuka reli.

Walipomfukua kutoka kwenye majani ya matoroli yaliyopinduka, mguu wake wa kulia ulikuwa hautazamiki. Yeye mwenyewe alikuwa anauliza kama kuna mtu aliyegongwa.

"Hakuna," alimjibu Lazaro, nyapara wa reli. "Nyamaza sasa bwana, usijichoshe."

Wakampakia kwenye lori kwenda hospitali Kilosa. Mwinshehe alibaki pale relini amekishika kile kipande kilichokatika, anakigeuza huku na huku. Alikuwa anamwonea Ulimboka huruma, tena sana, maana walikuwa majirani mlango kwa mlango. Lakini tusifichane: jambo la kwanza alilolitazama lilikuwa mshono wake.

&nbsp;

Injinia wa shamba tulimwita Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia sisi. Ijumaa asubuhi alivaa ile ya kusomea, akakikagua kile kipande mbele ya mafundi wote.

"Nani alichomelea hapa?"

"Mimi, Bwana."

"Vua kofia ukisema na mimi."

Mwinshehe akavua kofia. Mtu wa miaka arobaini na miwili, fundi wa miaka kumi na miwili wa ile mashine ya umeme ya kuchomelea, anasimama na kofia mkononi mbele ya watu aliowafundisha kushika nyundo. Aliwasikia wakikohoa. Alitazama chini mpaka Bwana Miwani alipomaliza kupima kwa rula yake.

"Kazi yako imeshika," Bwana Miwani alisema. "Na chuma hiki kina cheti cha kiwanda. Mshono ni mzima, chuma ni kizuri. Basi kosa ni la mzigo. Lazaro! Matoroli yalipakiwa kupita kiasi?"

"Labda yalizidi, Bwana," alisema Lazaro.

"Labda, au yalizidi?"

"Yalizidi, Bwana."

"Nani alisimamia upakiaji?"

"Ulimboka, Bwana."

Beda karani akaandika. Na mimi nawaambia, hakuna toroli lililowahi kuondoka Mgude na mzigo wa halali hata siku moja, na aliyekuwa akipiga kelele waongeze ni huyo huyo Lazaro. Kila mtu pale karakana alilijua hilo. Kila mtu alitazama viatu vyake, na asiyekuwa na viatu alitazama vidole. Mwinshehe akavaa kofia yake. Moyo ulimtulia, ukafurahi kabisa, naye akaona haya kwa furaha ile, lakini furaha haikuondoka.

&nbsp;

Jumamosi mchana Sesilia, mke wa Ulimboka, alirudi kutoka hospitali na binti yao Agnesi, mtoto wa miaka saba. Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja mpaka uani kwa Mwinshehe, akakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Wamekata," alisema. "Hapa, juu ya goti."

Mwanvua, mke wa Mwinshehe, aliacha vyungu vyake akaja kumshika. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo, akamchafua Sesilia khanga, wala hakuna aliyejali. Walilia wote wawili. Agnesi alisimama tu, anamtazama Mwinshehe.

"Na wamenisomea barua," Sesilia aliendelea. "Uzembe wake mwenyewe. Kwa hiyo hakuna fidia, na nyumba tuiache mwisho wa mwezi. Shemeji, wewe ndiye fundi. Hebu niambie. Ni kweli mume wangu alipakia kupita kiasi?"

Mwinshehe alijikuna shingo. "Mimi nilitazama mshono tu, shemeji. Mshono ulikuwa mzima."

"Kwa hiyo ni mzigo."

"Bwana ndiyo kasema hivyo."

Sesilia akatikisa kichwa polepole, akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru! Akamchukua mtoto, akaenda kufungua nyumba yake.

Mwanvua alirudi kwenye vyungu. Alikuwa amechoma vyungu vitano asubuhi, na viwili vilikuwa vimepasuka. Alivisogeza kwa mguu kwa hasira.

"Mimi silielewi jambo lako," alisema. "Kitu kimeunganishwa hapa, halafu kinakatika pembeni yake. Kwa nini pembeni?"

"Hata mimi silielewi."

"Basi ni kama hivi vyungu vyangu. Kwetu Lumuma, chungu kikitoka motoni unakinyunyizia maji, kinapata rangi, kinakuwa kigumu. Mama alinifundisha hivyo, na bibi alimfundisha hivyo. Huu udongo wa huku mtoni nao nimeunyunyizia vile vile. Tazama. Kimoja kimepasuka hapa hapa, kingine kilikaa kizima, nimekuja kukigusa sasa hivi kimeachia. Udongo si mmoja, Mwinshehe. Nimeharibu kazi ya wiki nzima kwa kujua sana."

Alisema tu, akainama kuokota vigae. Hakumtazama mumewe. Mwinshehe alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai ilikuwa inamwagika polepole kwenye suruali.

&nbsp;

Sasa nieleze habari ya maji, maana ndiyo yenye kisa chote. Mzungu wa kwanza aliyemfundisha Mwinshehe kuchomelea alikuwa mtu asiye na subira. Kazi ikishaungwa, hangoji ipoe, anataka ndoo. Maji yakilia juu ya chuma chekundu, mvuke ukapanda, basi kazi imekwisha na watu wa reli wanaweza kukibeba chuma chao. Mzungu yule alikwenda zake, ndoo ikabaki. Karakana ya Mgude ilifika mahali ikaamini kwamba fundi asiyemwagia maji hajamaliza kazi. Mwinshehe mwenyewe alijulikana kwa ustadi wa kumwaga, anaanzia mbali, anamalizia kwenye mshono, hatapanyi tone. Miaka kumi na miwili ya chuma cha zamani, hakuna hata kimoja kilichowahi kupasuka.

Jumapili karakana ilikuwa imefungwa. Kondo, mlinzi wa lango, alikuwa mzee wa makamo ya baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo Jumapili, fundi. Umesahau nini?"

"Nina kazi ndogo ya kujaribu. Niwashie ile injini ya umeme, sichukui saa mbili."

Alichukua vipande vinne vya kile chuma kipya, akaunga viwili viwili. Cha kwanza alikichomelea kama siku zote, akakimwagia ndoo. Cha pili alikiweka kwanza kwenye moto wa mkaa wa mhunzi, kikapata joto mpaka ukikitemea mate yanaruka, akakichomelea kikiwa vile vile na moto wake, halafu akakizika kwenye majivu ya moto kipoe chenyewe. Kisha akakibana kile cha ndoo kwenye jiliwa, akashika nyundo kubwa, akasema bismillahi, akapiga.

Hakikukatika. Akapiga mara ya pili na ya tatu. Kikakaa.

Mwinshehe alicheka peke yake mle ndani. Aliitupa nyundo, akakiacha kipande nyuma ya pipa la mafuta, akaenda nyumbani anapiga mluzi. Siku ile alikula ugali mpaka Mwanvua akamuuliza kama kuna aliyemwambia njaa inakuja. Kumbe tatizo si maji! Kumbe ni mzigo kweli, na Bwana Miwani, pamoja na ubaya wake, alisema haki.

Jumatatu aliingia kabla ya kengele ili akitupe kile kipande kwenye chuma chakavu. Alikiokota nyuma ya pipa, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kando ya mshono, upana wa ukucha, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Jana haukuwapo. Alipitisha kidole, kidole hakikusikia kitu. Alipitisha ukucha, ukucha ukanasa.

Alikibana akapiga mara moja. Kikaanguka vipande viwili miguuni pake. Akafukua kile cha majivuni, akakibana, akapiga, akapiga tena, akapiga kumi, jasho linamtoka. Kilipinda kama upinde na hakikutoa hata ufa.

Aliketi juu ya pipa. Ule mkono wa toroli aliuchomelea Jumatano jioni. Waliuvuta kwa mnyororo kuujaribu mbele ya Bwana Miwani, ukashika. Ukalala. Alhamisi asubuhi ukaachia. Mshono ulikuwa mzima, hilo ni kweli mpaka kiama. Moto wake ulikuwa umekibadilisha chuma cha kando, na ndoo yake ndiyo iliyokimaliza. Alijua pale pale, bila karatasi wala cheti, kwamba ule mguu aliukata yeye.

&nbsp;

Mchana alimweleza Mwanvua kila kitu. Mwanvua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuufunga mlango ingawa kulikuwa na joto la kukausha samaki.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi ibaki kwangu."

"Mwanvua..."

"Ngoja niseme. Ukienda kusema, mguu unaota? Hauoti. Utafukuzwa kazi, labda ufungwe, na sisi tutaondoka nyumba hii kama wao wanavyoondoka. Badala ya nyumba moja kulia, zinalia mbili. Nani atakuwa amepona?"

"Wanasema ni uzembe wake."

"Na matoroli hayakuzidi mzigo? Yalizidi! Wewe si Mungu, hukujua. Hata mimi vyungu vyangu sikujua."

"Vyungu havina miguu, Mwanvua."

Mwanvua alimsogezea sahani. Aliogopa, na aliona bora aogope kwa sauti ya ukali. "Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Jumanne asubuhi Mwinshehe alikutana na Beda karani kwenye lori la shamba. Beda alikuwa kijana wa misheni, shati jeupe, mkoba wa ngozi kifuani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, karani. Safari ya wapi asubuhi hii?"

"Hospitali. Nampelekea Ulimboka karatasi aweke dole gumba kwamba amekubali kosa. Afisa wa kazi anakuja bomani Alhamisi, Bwana anataka mambo yawe yamenyooka."

Lori lilikuwa linanguruma. Neno moja tu lingetosha, na Mwinshehe alikuwa nalo mdomoni, zito.

"Haya," alisema. "Safari njema."

Lori likaondoka. Alibaki anakula vumbi lake.

&nbsp;

Kilichombadilisha Mwanvua kilikuwa kinu. Jumatano Sesilia alikuja amekibingirisha kutoka kwake, kinu kizuri cha mninga alicholetewa na mumewe, na mchi wake mabegani.

"Chukua, dada. Siwezi kukipandisha kwenye treni, kisha nishuke nacho nipande tena basi la kwetu Tukuyu. Bora kibaki kwa mtu ninayempenda."

"Kiuze, Sesilia."

"Nikuuzie wewe? Wewe uliyemshika mtoto wangu siku aliyozaliwa?" Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho. "Mwambie shemeji asiwe na uzito na sisi. Nimemwona ananikwepa. Ulimboka mwenyewe amekubali kwamba alikosea. Kaweka dole. Anasema bora aseme kweli kuliko kuwatia watu wengine matatani."

Mwanvua alikipokea kinu. Angefanyaje? Alimsindikiza Sesilia mpaka mlangoni kwake, akarudi, akakitazama kinu katikati ya ua. Mwinshehe aliporudi kazini alimkuta bado amesimama pale pale, hajapika.

"Kesho nenda ukaseme," alisema.

"Juzi ulisema nini?"

"Juzi ilikuwa juzi. Siwezi kutwanga kwenye kinu hiki, Mwinshehe. Wallahi siwezi. Nenda, hata tukilala chini ya mkonge."

Mwinshehe aligeuka pale pale akatoka. Alikwenda karakana, akaomba radhi kwa Kondo kwa usumbufu, akaunga vipande vingine viwili, kimoja cha ndoo na kimoja cha majivu, akavifunga kwenye gunia pamoja na nyundo.

&nbsp;

Bomani Kilosa, barazani, afisa wa kazi alikuwa ameketi nyuma ya meza, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kitabuni. Bwana Miwani alikuwa amepewa kiti. Beda na Lazaro walisimama. Karatasi yenye dole gumba la Ulimboka ilikuwa juu ya meza tayari, na afisa alikuwa karibu kuitia saini pale Mwinshehe alipopanda ngazi na gunia lake begani.

"Wewe je, unamshitaki nani?" afisa aliuliza.

"Najishitaki mwenyewe, Bwana."

Alivitoa vile vyuma akaviweka mezani. Askari akamfokea atoe uchafu ule juu ya karatasi za serikali. Mwinshehe akaviokota, akaipangusa meza kwa mkono wa kanzu yake, ile kanzu safi ya Ijumaa aliyoivaa makusudi. Watu waliokuwa wanangoja shauri zao walicheka. Akaviweka chini sakafuni, akachuchumaa, akaeleza kila kitu hapo hapo chini: maji, majivu, Jumapili, Jumatatu. Alisema Jumatatu bila kumtazama mtu.

"Onyesha," afisa alisema.

Kwenye ngazi ya mawe ya boma alikilaza kile cha ndoo, nusu juu ya jiwe na nusu hewani, akapiga. Pigo la pili kikakatika, kipande kikaruka mpaka karibu na askari, naye akaruka nacho. Safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akakilaza kile cha majivu, akapiga mpaka kikapinda.

Afisa alishuka, akavishika vyote viwili. Aligeuka kwa Bwana Miwani. "Ulimwambia amwage maji?"

"Sikumwambia."

"Ulimwambia asimwage?"

Bwana Miwani alivua miwani akaanza kuifuta. "Fundi lazima ajue kazi yake," alisema.

"Chuma hiki ni kipya. Angejuaje?"

Ndipo Beda, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema: "Karatasi ipo, Bwana. Ilikuja na chuma. Inasema kitiwe joto kwanza, kisipozwe kwa maji, kiachwe siku mbili kabla ya kutumika. Niliambiwa niiweke faili. Niliiweka. Mimi ndiye niliyeisoma, na mimi sikumwambia mtu, kwa sababu sikuambiwa niseme."

Lazaro naye, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguliwa, akajikohoza. "Na mizigo, Bwana... mizigo inazidi kila siku. Si Ulimboka. Sisi wanyapara ndio tunaambiwa tuongeze."

Faili ililetwa saa nane. Afisa aliisoma karatasi mara mbili, akaichana ile yenye dole gumba, akaandika nyingine kwamba kosa si la mshika breki, na shamba litamlipa fidia kwa mujibu wa sheria. Mwinshehe hakufungwa. Bwana Miwani hakuambiwa neno zaidi mbele yetu, na kama aliambiwa nyuma ya mlango, hatukusikia.

Lakini Mwinshehe alipolifuata lori la shamba, Bwana Miwani alimnyooshea kidole.

"Wewe usipande. Vitu vyako vitakuwa langoni. Nyumba iwe wazi Jumamosi."

Lori likaondoka na Beda amekaa nyuma, uso wake umegeukia upande mwingine. Baada ya miaka kumi na miwili, Mwinshehe hakupewa hata nafasi ya kupanda lori kurudi kuchukua vitu vyake.

&nbsp;

Hospitali haikuwa mbali. Alimkuta Ulimboka amekaa kitandani, ameegemea ukuta, shuka limelala bapa pale ambapo lingenyanyuka. Habari zilikuwa zimefika kabla yake, maana bomani kulijaa watu, na Kilosa ni Kilosa. Sesilia na Agnesi walikuwa nje barazani. Sesilia alimwona akipita, akageuzia uso ukutani.

"Karibu, fundi," Ulimboka alisema. "Kaa."

Mwinshehe hakukaa. "Ulimboka ndugu yangu, nimekuja kukuomba radhi. Ndoo ile niliimwaga mimi."

"Nimesikia. Hukujua."

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Mimi pia nisingejua. La maji nimekusamehe, wala usilibebe." Ulimboka alilivuta shuka, akalinyoosha. Alikuwa amekonda uso kwa wiki moja tu. "Ulikuja kujua lini?"

Hapo ndipo Mwinshehe alipokaa.

"Jumatatu."

"Jumatatu jioni?"

"Asubuhi. Kabla ya kengele."

Ulimboka alitikisa kichwa kama mtu anayepanga vitu mahali pake. "Jumanne alikuja Beda na wino," alisema. "Nilimwambia, mimi sikumbuki kama siku ile mizigo ilizidi kuliko siku nyingine. Akaniambia fundi ameshatazama, mshono ni mzima, hakuna kingine kinachobaki. Nikasema basi, kama Mwinshehe ametazama, ni mimi. Nikaweka dole. Haikuniuma sana, karatasi ni karatasi."

"Nisamehe."

"Ngoja. Mchana ule ule Agnesi akaja. Akaniuliza, baba, kwa nini ulipakia mizigo mingi? Watoto wa kambini wanamwambia baba yake ndiye aliyeangusha matoroli. Sasa mimi ningemjibu nini? Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, mwanangu nisamehe, baba alifanya kosa, ndiyo maana mguu umekwenda na nyumba inakwenda. Akalia, akasema amenisamehe." Ulimboka alitazama upande wa barazani. "Siku hiyo, fundi, wewe ulikuwa unajua."

Mwinshehe alilia bila kujificha, wagonjwa wa vitanda vingine wakamtazama, wengine wakageuka kwa heshima. Alitaka kusema habari za nyumba, za Jumamosi, za lori, kwamba yeye naye ameadhibiwa. Akaona hakuna hata moja linalofaa kusemwa.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Yuko pale nje. Sesilia kamwambia, lakini hajaamini, anadhani tunamfariji. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Na akikuuliza ulijua lini, mwambie hiyo Jumatatu."

Mwinshehe aliinuka. Alitoka barazani akapita mbele ya Sesilia, ambaye hakugeuka. Agnesi alikuwa ameketi ngazi ya mwisho. Alipomwona mtu mzima anakuja alisimama kama alivyofunzwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alichuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Baba yako hakukosea. Nisikilize vizuri, nikueleze nani aliyekosea."